Kapı Si Mlango Tu: Namna ya Kujifunza Maneno ya Nyumbani ya Kituruki na Nahau Zake

Ukiitazama orodha ya maneno mia ya nyumbani ya Kituruki, kazi huonekana nyepesi: *kapı* mlango, *masa* meza, *kaşık* kijiko, *ekmek* mkate. Kisha mtu anafika Laleli, ule mtaa wa Istanbul wanakonunua nguo wafanyabiashara wa Kampala, anamsikia mwenye duka akisema kwamba duka hili ni *ekmek kapısı* yake. Mkate anaujua, mlango anaujua, maana haijui. Mwenye duka amesema tu kwamba hapa ndipo riziki yake inapotoka.

Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili aliye Uganda: anayejiandaa kwa safari ya biashara, anayeanza mwaka wa lugha chini ya Türkiye Bursları, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki, au anayefanya kazi na wasimamizi Waturuki kwenye ujenzi. Neno la nyumbani usilibebe peke yake. Libebe pamoja na kiambishi chake na kitenzi chake, kwa sababu nahau za Kituruki hukaa humo.

Kwanza mdomo na kibodi

Kituruki kinaandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1928. Herufi ni 29, na karibu kila kilichoandikwa husomwa kama kilivyo, jambo tulilolizoea. Herufi c ni j yetu, kwa hiyo *ocak* hutamkwa ojak. Ç ni ch, ş ni sh. Ğ haina sauti yake yenyewe, kazi yake ni kurefusha irabu iliyoitangulia. Kwa ö, tamka e huku midomo umeiviringa. Kwa ü, tamka i huku midomo umeiviringa vivyo hivyo. Ile ı isiyo na nukta ndiyo ngumu: anza kutamka u, halafu tandaza midomo bila kusogeza ulimi.

Kosa linalotusumbua sisi kuliko watu wa lugha nyingine ni kuongeza irabu mwishoni. Tumezoea neno liishie kwenye irabu, basi *ev* (nyumba) inatoka mdomoni kama “evi”. Kwa Mturuki hilo si lafudhi tu, ni sarufi nyingine: *ev* ni nyumba, *evi* ni nyumba yake au ile nyumba inayotendwa jambo, *eve* ni kwenda nyumbani, *evde* ni kuwa nyumbani. Fanya mazoezi ya kufunga mdomo kwenye konsonanti: *ev*, *tabak*, *bardak*, *dolap*. Ukimaliza neno, nyamaza hapo hapo.

Weka kibodi ya Kituruki kwenye simu kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Nukta ya i si pambo. *Sıkmak* ni kukamua, kama vile kukamua chungwa au limau. Ukiiandika kwa i yenye nukta, umemtumia mama mwenye nyumba tusi zito.

Kadi ya neno moja

Chukua karatasi ndogo kwa kila neno. Andika neno, kisha umbo lake likipata kiambishi, kisha kitenzi kinachotembea nalo, kisha nahau moja. Maneno matano kwa siku yanatosha. Kadi ya kabati inakuwa hivi: *dolap*, *dolabı*, *dolabı aç* (fungua kabati), *dolap çevirmek* (kupanga hila chini kwa chini). *Çevirmek* ni kuzungusha, na *dolap* ni pia gurudumu la kuchotea maji. Ukilijua hilo, nahau haikupotei tena.

Umbo la pili ndilo watu huliruka, na ndilo linalowakwamisha kwenye kamusi. Konsonanti ya mwisho hulegea inapofuatwa na irabu: *dolap* huwa *dolabı*, *bardak* (glasi) huwa *bardağı*, *süzgeç* (chujio) huwa *süzgeci*, *kilit* (kufuli) huwa *kilidi*. Ukikuta *ocağına* kwenye ujumbe, usiitafute hivyo. Ondoa kiambishi, irudishe ğ iwe k, utafute *ocak*. Vivyo hivyo b hurudi p, c hurudi ç, d hurudi t.

Mfano mzuri kuliko yote uko mlangoni, pale mnapovua viatu. *Kap* ni chombo. *Kabı* ni chombo chake. *Ayak* ni mguu. Viunge: *ayakkabı*, yaani kiatu, chombo cha mguu. *Buz* ni barafu, kwa hiyo *buzdolabı* ni friji, kabati la barafu. Angalia wingi: friji ni *buzdolapları*, ile p inarudi, lakini viatu ni *ayakkabılar*, kwa kuwa neno hilo limeshikana likawa moja. Na *kap* usiichanganye na *kapı* wala na *kapak*, mfuniko. Kuhusu mfuniko Waturuki husema *tencere yuvarlanmış, kapağını bulmuş*: sufuria imebingirika hadi ikapata mfuniko wake. Husemwa juu ya watu wawili waliokutana na kufanana, mara nyingi kwa tabia zisizo nzuri, kwa hiyo usiitoe kama pongezi kwenye harusi. Kwa maharusi kuna *bir yastıkta kocayın*, zeekeni kwenye mto mmoja.

Ocak: jiko, ukoo, mgodi, Januari

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu neno hili likikukaa, mengine yote yatakuja kwa njia ileile.

Jikoni leo *ocak* ni jiko la gesi au la umeme, pale pa kuweka sufuria. Zamani lilikuwa mahali pa moto ndani ya nyumba, na moto ndio ulioonyesha kwamba nyumba ina watu. Kwa hiyo *ocak* ni pia familia na ukoo. *Ocağı söndü*, jiko lake limezimika: ukoo wake umekwisha. *Ocağına düştüm*, nimeangukia jikoni kwako: nakusihi unilinde. *Ocağına incir ağacı dikmek*, kupanda mtini kwenye meko ya mtu, ni kuiangamiza familia yake. Mtini huota wenyewe kwenye magofu, na mizizi yake hupasua kuta. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Kwetu mwanamume akioa tunasema amepata jiko, na Kituruki kina *evlenmek*, kuoa au kuolewa, lililotoka moja kwa moja kwenye *ev*.

Kisha neno linatoka nje ya nyumba. *Taş ocağı* ni machimbo ya mawe, *maden ocağı* ni mgodi. *Çay ocağı* ni kichumba cha kupikia chai ndani ya jengo la maduka, ambako kijana hutoka na sinia kupeleka chai kwa wauzaji. Na *Ocak* ni Januari. Jina hilo la mwezi liliwekwa mwaka 1945 pamoja na Ekim, Kasım na Aralık, badala ya majina ya zamani. *Aralık*, Desemba, nalo utalikuta nyumbani: *kapıyı aralık bırak*, uache mlango wazi kidogo. Ukiona tarehe mbele ya neno na herufi kubwa mwanzoni, *5 Ocak*, ni mwezi.

Angalizo kwa jikoni kwetu: sigiri ya makaa si *ocak*. Hiyo ni *mangal*. *Mangal yapmak* ni kuchoma nyama nje na familia, na mtu mwenye majigambo husemwa *mangalda kül bırakmıyor*, haachi hata jivu kwenye sigiri. Wala *soba* si ya kupikia. Hiyo ni ya kupasha chumba joto.

Ekmek na kapı

*Ekmek* ni mkate, na *ekmek* ni kitenzi, kupanda mbegu. Maneno mawili tofauti, umbo moja. Utayatenga kwa kiambishi: nomino hulegea ikawa *ekmeği*, kitenzi hubaki na k yake, *ekti*, *ekiyor*. Ekim, Oktoba, ni huko kwenye kupanda. Kitenzi hiki ni pia kunyunyiza, kama kunyunyiza chumvi, na mitaani *beni ekti* ni “tuliagana akanikwepa”. *Ekmek parası* ni pesa ya kula, riziki ya siku. *Ekmeğini taştan çıkarmak*, kutoa mkate wako kwenye jiwe, ni sifa: mtu anayepata riziki hata pasipo na kitu. *Ekmeğine yağ sürmek*, kumpaka mtu siagi kwenye mkate, si wema kama linavyosikika. Ni kumrahisishia mambo bila kukusudia, hasa mshindani wako.

*Kapı* nayo ni pana. *Kapı komşu* ni jirani wa mlango kwa mlango. *Çat kapı geldi*, amefika bila taarifa. *Devlet kapısı* ni ajira ya serikali. *Kış kapıda*, baridi iko mlangoni, imekaribia. *Kapı dışarı etmek* ni kumfukuza mtu. *Kapı gibi* husemwa juu ya mtu mwenye mwili mkubwa, au hati isiyoweza kupingwa. Na *kapıcı* ni mtunzaji wa jengo la kupanga, anayetoa takataka, kuleta mkate asubuhi na kusimamia mambo ya jengo. Mheshimu, kwa sababu tatizo lako la kwanza la bomba atalitatua yeye.

Kula visivyolika

Hapa tuna faida kubwa. Kitenzi *yemek*, kula, hufanya kazi karibu sawasawa na chetu. *Rüşvet yemek* ni kula rushwa, na hata neno la rushwa ni lilelile. *Hakkını yemek* ni kula haki ya mtu. *Dayak yemek* ni kula kipigo. Kutoka hapo ni hatua fupi hadi yale ambayo kwetu hayapo: *fırça yemek*, kula brashi, ni kukaripiwa, na anayekaripia *fırça atıyor*, anatupa brashi. *Kazık yemek*, kula kigingi, ni kuuziwa kitu kwa bei ya kuumiza. *Başının etini yemek*, kula nyama ya kichwa cha mtu, ni kumsumbua kwa maneno bila kumpa nafasi.

Ila kuna tofauti moja ya kukumbuka. Sisi tunauliza “umekula?” tukatosheka. Mturuki huuliza *yemek yedin mi?*, umekula chakula, akitumia *yemek* mara ya kwanza kama nomino na mara ya pili kama kitenzi.

*İçmek*, kunywa, humeza supu (*çorba içmek*), dawa (*ilaç içmek*) na sigara (*sigara içmek*). Aliyezoea kusikia Luganda ikisema okunywa sigala hatashangaa.

Chai haipikwi wala haichemshwi kwa neno la kawaida. Huwa *demlenir*. *Çaydanlık* ni birika mbili zilizopandana. Chemsha maji kwenye ya chini, majani makavu yakiwa kwenye ya juu, *demlik*. Maji yakichemka, mimina sehemu yake juu ya majani, rudisha birika, punguza moto, subiri dakika 10 hadi 15. Mimina rangi hiyo kama theluthi ya glasi, ongeza maji moto ya birika ya chini. Hakuna maziwa, na sukari huwekwa kando. Ukitaka nyepesi, sema *açık*, neno lilelile la “wazi”. Ukitaka nzito, *demli*. Iliyoiva vizuri na kuwa nyekundu huitwa *tavşan kanı*, damu ya sungura. Ukiharakisha ikaiva chini ya dakika kumi, rangi itatoka lakini ladha haitatoka. Ukiiacha saa nzima juu ya moto, itakuwa chungu. Ukitosheka, laza kijiko juu ya mdomo wa glasi, mwenyeji ataacha kukujazia.

Maneno tunayoshiriki, na yanayodanganya

Kiarabu kimetupitia sote. *Sabun* ni sabuni, *sandık* ni sanduku, *fincan* ni finjani, *makas* ni mkasi, *kahve* ni kahawa, *dükkân* ni duka. *Sandık* ni pia sanduku la kura, kama kwetu: *sandık başına gitmek* ni kwenda kupiga kura. *Makas* imeenda mbali zaidi, ni njia panda ya reli na pia springi bapa za gari.

Lakini angalia haya. *Sahan* si sahani, ni kikaango kidogo cha shaba au alumini chenye vishikio viwili, ambamo hukaangwa mayai. Sahani ni *tabak*. *Meze* si meza, ni vyakula vidogo vya kufungulia mlo. *Sana* ni “kwako”. *Mama* ni chakula cha mtoto mchanga au cha paka. Na *kaka*, kwa lugha ya watoto, ni kinyesi. Usimwite muuzaji hivyo hata ukiwa na heshima zote moyoni. Kijana aliyekuzidi umri ni *abi*, dada ni *abla*, mama wa makamo ni *teyze*, mzee wa makamo ni *amca*. Kwa jina la mtu, heshima hukaa nyuma yake: Mehmet Bey, Ayşe Hanım. Ni kama ssebo na nnyabo, ila Bey na Hanım haziwezi kutangulia jina.

Mtego mwingine ni *evde kalmak*. *Bugün evde kaldım*, leo nimebaki nyumbani, ni sawa kabisa. Lakini *evde kalmış* juu ya mwanamke ni kusema umri wa kuolewa umempita, na ni maneno ya kuumiza. Tumia *evdeydi*, alikuwa nyumbani.

Kupanga nyumba

*Ev tutmak*, kushika nyumba, ni kupanga. *Ev sahibi* ni mwenye nyumba, na pia mwenyeji wa mgeni. Tangazo likiandika 2+1, maana yake vyumba viwili na sebule. *Eşyalı* ina samani, *boş* haina. Zaidi ya kodi kuna *depozito* na *aidat*, mchango wa kila mwezi wa jengo. Uliza *aidat* kabla ya kukubali. *Kombi* ni mtambo wa gesi wa ukutani wa kupasha maji, na *petek*, ambalo kwa asili ni sega la nyuki, ni lile bamba la chuma linalotoa joto chumbani. *Petek yanmıyor*, haliwaki, ndiyo sentensi ya kumwambia *kapıcı* mwezi wa Januari. Taa huwashwa kwa *yakmak* au *açmak*, huzimwa kwa *söndürmek* au *kapatmak*, na zote nne zinakubalika.

Nahau ukiisikia: namna ya kuitafuta

Taasisi ya lugha ya Uturuki, Türk Dil Kurumu, iliyoanzishwa 1932, ina kamusi ya bure kwenye sozluk.gov.tr, pamoja na sehemu yake ya methali na nahau. Nahau ni *deyim*. Methali ni *atasözü*, neno la mababu. Tofauti hiyo ni ya kivitendo. Nahau hubadilika kulingana na mtu na wakati, methali haibadiliki.

Umesikia *patron küplere bindi*, bosi amepanda mitungi. Toa *-di*, weka *-mek*: *küplere binmek*, kupandwa na hasira. Umesikia *tuzum kuru*. Hapa -um ni “yangu”: chumvi yangu ni kavu, sina shida ya maisha. *Tuzun kuru* ni yako, *tuzu kuru* ni yake, na kwenye kamusi utaikuta kwa umbo la “yake”. Vivyo hivyo *pabucu dama atılmak*, kiatu chake kutupwa juu ya paa, yaani kusahaulika baada ya kupatikana mwingine. Ukisema juu yako mwenyewe, itakuwa *pabucum*. Kosa la kawaida ni kukariri nahau nzima na kumwambia mtu “yake” ukikusudia “yangu”.

Methali ziache kama zilivyo. *Ayağını yorganına göre uzat*, nyoosha mguu kwa kadiri ya blanketi lako, ni jikune unapofikia. *Keskin sirke küpüne zarar*, siki kali huudhuru mtungi wake, ni hasira hasara. *Tencere dibin kara, seninki benden kara*, sufuria tako lako jeusi, lako jeusi kuliko langu, ni nyani haoni kundule.

Kwenye kamusi soma alama kabla ya maana. *Mecaz* ni maana ya sitiari, *argo* ni ya mitaani, *eskimiş* imepitwa na wakati, *kaba konuşmada* ni lugha chafu. Ya *argo* yaelewe tu, usiyaanze wewe. Kwa kuanza kuzungumza, chagua nahau ambazo Kampala itakupa nafasi ya kuzitumia kila wiki. *İğne atsan yere düşmez*, ukitupa sindano haifiki chini, ni soko la Owino kabla ya sikukuu. *Bardaktan boşanırcasına yağıyor*, mvua inamwagika kama kutoka kwenye glasi, utaihitaji Aprili yote. Kwenye eneo la ujenzi, *kepçe* ni upawa wa supu na pia mashine ya kuchimba. Mwenzako akisema *kepçe geldi*, usiangalie upande wa jikoni.

Ukitaka kusema “vitu kama hivyo”, rudia neno ukianza na m: *tabak mabak*, sahani na vinginevyo, *çay may*, chai na vitu vyake. Neno likianza na m tayari, haiwezekani. Sema *masa falan*.

Ukila nyumbani kwa mtu, mwambie aliyepika *elinize sağlık*, mkono wako uwe na afya. Atajibu *afiyet olsun*, na humo utaisikia afya yetu wenyewe.